SUA Morogoro wanatafiti kilimo tu au kuna zaidi?

DadaWaKilosa

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mwanga kidogo kwa waliosoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au wanaoishi Moro.

Nina mdogo wangu wa kike kamaliza form six PCB (fizikia, kemia, baiolojia), kapata nafasi SUA digrii ya bayoteknolojia na sayansi za maabara na amefurahi kweli, shida ni mjomba wetu ambaye ndo anatusaidia ada, yeye anasema SUA ni chuo cha jembe, mtoto na akili zote zile akasomee mahindi wakati mahindi tunayo hapa nyumbani. Sio mtu mbaya, ni mkulima na shamba limemtesa miaka yote kwahiyo anataka mtoto atoke huko kabisa. Mwenyewe mtoto anasema anataka kuja kuwa mtafiti.

Sasa swali langu, pale wanatafiti nini hasa? Naomba vitu vya kueleweka nikamwambie mjomba, maneno ya vipeperushi hayatamwingia.

---

PanyaBuku

Dada anza kumwambia habari za panya, mkulima yeyote atakusikiliza.

Nimefanya kazi pale miaka kadhaa upande wa maabara kwahiyo naongea ninachokijua. SUA imekuwa chuo kamili 1984, kabla ya hapo ilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar, wakaipa jina la Sokoine ambaye alifariki kwa ajali mwaka huohuo pale Dakawa, sio mbali na Moro. Sasa toka miaka ile ya 80 kuna watu pale kazi yao ni panya tu. Panya shamba, yule mdogo anayefukua mbegu ya mahindi kabla haijaota. Wanamtega, wanampima uzito, wanamwekea alama, wanamwachia, mwezi unaofuata wanategea tena palepale waone nani bado yupo na nani kazaa. Miaka na miaka, mwezi kwa mwezi. Mtu wa nje anaona ni kupoteza muda, lakini ndo wakagundua kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi na zikiwahi, panya wanaanza kuzaa mapema kuliko kawaida na msimu unaofuata unakuwa na mafuriko ya panya. Yaani unaweza kuangalia mvua ukajua balaa linakuja.

Sasa kwa kuwa utaalamu wa panya ulikuwepo pale, na walikuwa wanashirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, ndo maana Mbelgiji Bart Weetjens alipokuja na wazo la kufundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, shirika lake la APOPO likahamia Morogoro mwaka 2000. Wangeweza kwenda popote ila walikuja pale walipo watu wanaojua panya. Wakamchukua panya buku, yule mkubwa anayefika kilo moja na nusu, pua yake hatari. Magawa, yule panya aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza 2020 amezaliwa na kufundishwa SUA hapohapo, akapelekwa Kambodia akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Na Msumbiji ilipotangazwa haina tena mabomu ya ardhini 2015, panya wa Moro walikuwa wameshiriki kazi hiyo.

Alafu kuna kifua kikuu, hii ndo ingemgusa mdogo wako maana ni maabara. Makohozi yanaletwa toka hospitali, mengi ni yale ambayo kwa hadubini yameshaonekana hayana kitu, yanachemshwa kwanza kuua vimelea, yanapangwa chini ya sanduku la kioo lenye vitundu. Panya anapita kitundu kimoja baada ya kingine, vingine anaviruka hivi, akifika kwenye TB anaganda. Anazamisha pua sekunde kama 3 na kuanza kukwangua kwa miguu. Inalia klik, anakimbilia ndizi iliyopondwa na karanga. Mara ya kwanza kuona nilisimama pale mpaka nikasahau kwenda kula. Sampuli 100 anamaliza kama dakika 20, mtu wa hadubini zinamchukua siku kadhaa. Alichoonyesha panya hakipelekwi kwa mgonjwa hivihivi, mtaalamu anakipima tena kuthibitisha, ila kuna wagonjwa wengi wameanza dawa kwa sababu panya alisimama pale ambapo hadubini ilipita.

Sasa hivi wanawafundisha pia kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na za faru, hadi mbao za mpingo zilizofichwa, wameshawajaribu bandarini Dar. Yote hayo ukiyafuata nyuma yanarudi kwenye yule panya wa mahindi.

---

BintiNyandira

Mimi sio msomi wa SUA ila natoka Mgeta, kule juu Uluguru, na naomba nisemee mbuzi.

Sisi kule ardhi ni mteremko mtupu, ng'ombe ukimfuga unamlisha nini na unampitisha wapi. Miaka ya 80 SUA na Wanorwe wakaleta mbuzi wa maziwa kutoka Norwei, wakajaribu kuona kama wataishi kwenye ile baridi yetu. Wameishi mpaka leo. Mama yangu alipata mtamba kwa mtindo wa kopa mbuzi lipa mbuzi, anazaa unampa jirani, na jirani akizaa anampa mwingine. Sisi tumesoma kwa yale maziwa jamani. Asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kukata majani kwenye kingo za matuta, maana mbuzi haachiwi, anakaa bandani juu ya vichanja ili mbolea idondoke chini, na ile mbolea ndo inakwenda kwenye kabichi na viazi. Walimu wa SUA walikuwa wanapanda na mizani yao kupima maziwa na kuandika, wanakaa wanaongea na mama kama wageni wa kawaida, wanauliza huyu kazaa lini, huyu anakula nini.

Na maharage je, mjomba wako halimi maharage? Rojo ile nyekundu, na SUA 90, Mshindi, Pesa, hizo zote ni mbegu za SUA. Watu wanapanda wala hawajui zimetoka wapi.

---

DaktariWaNgombe

Wachangiaji wametangulia vizuri, mie naongeza magonjwa maana dada kasema mtoto ni PCB.

Watu wanafikiri ugonjwa wa mnyama ni wa mnyama na wa mtu ni wa mtu. Pale SUA hilo lilishaachwa zamani. Lushoto tauni ilianza 1980 ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka, mamia ya watu wamekufa, na tauni inabebwa na viroboto wa panya kwahiyo bila mtu wa panya daktari peke yake haendi popote. Wataalamu wa SUA walikuwa wanapanda vijiji vile kutega panya na kuchana viroboto. Mbulu nako kuna minyoo ya tegu ya nguruwe, ile ambayo lava zake zikiingia kwenye ubongo wa mtu zinaleta kifafa. Familia inahangaika kwa waganga inadhani ni mapepo, kumbe ni nguruwe anayezurura na choo kisichotumika. Mtafiti wa SUA alikwenda kule akafundisha watu na akapima kama mafunzo yanabadilisha kitu kwa nguruwe na kwa watu, hiyo ni sayansi kabisa dada sio semina tu. Homa ya Bonde la Ufa ilipokuja 2007 ikaua ng'ombe na watu nayo ilileta utafiti mwingi.

Na kitu ninachokipenda zaidi kuna kirusi kinaitwa virusi vya Morogoro. Kwa jina hilohilo. Kilipatikana kwa panya shamba wa Morogoro, ni ndugu wa kile cha homa ya Lassa ya Afrika Magharibi ila hiki hakijaonekana kuumiza watu. Sasa swali kubwa: panya ni yuleyule, yupo Moro na yupo Nigeria, kwa nini Lassa ipo kule na huku haipo? Watu wanatafuta jibu la hilo swali kwenye mashamba ya pale nyuma ya chuo. Mtoto wa bayoteknolojia akiingia hapo anakuwa na kazi ya maisha. Kuna kituo pia SACIDS kipo hapo SUA kinaunganisha nchi za kusini mwa Afrika kwenye magonjwa ya kuambukiza, mambo ya kusoma jeni za virusi wanafanya.

Misitu sijagusa, wana msitu wao Mazumbai Usambara Magharibi, na Mazimbu ile iliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini sasa hivi ni kampasi, kuna hisabati, kuna kemia, kuna kompyuta.

---

MkulimaMvomero

Yote mazuri wakuu lakini ngoja niseme lililo moyoni. Mimi nimeshawahi kuchimbiwa udongo shambani kwangu na watu wa chuo kimoja, sisemi kipi, walijaza mifuko, wakaniuliza maswali saa mbili nzima mpaka ng'ombe wakanitangulia kurudi, wakaondoka. Mpaka leo sijui udongo wangu una nini. Matokeo yameandikwa Kiingereza yakakaa kwenye kompyuta ya mtu. Tafiti ni nyingi nchi hii, swali langu zinamrudia nani?

---

PanyaBuku

Mkuu hilo ni kweli kabisa na linauma, sitalitetea. Tasnifu karibu zote ni za Kiingereza na mkulima aliyetoa sampuli hapewi hata karatasi moja, hilo kila chuo kinapaswa kulirekebisha na wanafunzi wenyewe tunapaswa kuanza nalo. Kurudi kwa mtu kumwambia "tulipata hivi" kunagharimu nauli tu.

Ila zipo zilizorudi. Wewe upo Mvomero, nenda Mkindo kaulize kilimo shadidi cha mpunga. Watu wa SUA waliingia kwenye ile skimu ya umwagiliaji na wakulima, miche michanga ya siku 8 mpaka 12 badala ya ile mikubwa ya mwezi, mche mmoja kila shimo, nafasi sentimita 25 kwa 25, na maji unayaacha yakauke kisha unayarudisha badala ya kufurikisha muda wote. Wakulima walikuwa wanaona mche mmoja ni wazimu. Mavuno yakapanda na maji yakapungua, na sasa wakulima wa pale wanafundisha wenzao.

Alafu niseme na hili kwa sababu mdogo wake dada anataka utafiti, ajue kuna wakati jibu linakuwa hapana. Waliwahi kusimamisha miti kwenye mashamba ya mahindi ili bundi watue na masanduku wazalie, pengine wakaziba kwa nyavu ndege wasiingie kabisa, wakalinganisha idadi ya panya. Wazo lilikuwa zuri, bundi anakula panya kila usiku. Miaka ikapita, wakakuta bundi hawapunguzi panya kiasi cha kumwokoa mkulima. Wakaandika hivyohivyo. Kwa hiyo leo ukiambiwa weka bundi panya wataisha, kuna mtu alishalipa gharama ya kujua.

---

BintiNyandira

Na bundi wenyewe kwetu ukimleta karibu na nyumba bibi anahama jamani 😅 ila umeongea vizuri kaka.

---

DadaWaKilosa

Wakuu nimesoma kila neno na jana usiku nilimsomea mjomba kwa sauti, umeme ulikuwa umekatika tumekaa nje. Ya mabomu alisikiliza tu, ya kifua kikuu akasema hiyo ni kazi ya Mungu maana kaka yake alikufa kwa kifua akiwa ameshapimwa akaambiwa hana kitu. Akanyamaza sana hapo. Mdogo wangu naye akanyamaza.

Alafu nikafika kwenye panya shamba na mvua za vuli akanisimamisha, akasema rudia hapo. Nikarudia. Akasema mwaka juzi vuli ilikuwa kubwa na ekari mbili za mahindi zilifukuliwa zote wiki moja baada ya kupanda, alipanda mara tatu, mbegu ya kununua. Kumbe kuna watu walikuwa wanajua.

Ada atalipa, hakusema kwa maneno hayo ila asubuhi kaniuliza usafiri wa Moro na mzigo ni shilingi ngapi. Na kanituma niwaulize, hao wa SUA wanatega na nini? Yeye akiweka sumu panya wanaila siku ya kwanza halafu hawaigusi tena.

---

PanyaBuku

Mpe pole mjomba, kwa kaka yake na kwa mahindi.

Chambo ni karanga iliyosagwa ichanganywe na pumba za mahindi, kidonge kidogo tu kama gololi, kila mtego. Ategee jioni, akague asubuhi mapema kabla ya jua. Shika la muhimu, asitege peke yake. Akitega yeye tu wa shamba la jirani wanahamia kwake ndani ya siku chache, waongee mtaa mzima watege kwa pamoja, kila siku, waanze kabla ya kupanda, na wapande kwa wakati mmoja. Kipindi kibaya ni wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, mche ukishapita hapo panya hana shida nao sana.

Na mdogo wako akifika aulizie kituo cha panya, wanapokea wageni. Aende na mjomba siku atakayompeleka.