Kwani kampasi kila mtu ana "rafiki" aliyemeza P2?

binti_wa_tudor
Hamjambo wana Mombasa. Niko mwaka wa tatu, nakaa hosteli hapa Tudor na kuna jambo lanikera nataka niwasikie na wengine. Sisi mabinti wa kampasi twapiga stori za kila kitu, mtu akiingia mwezini atapiga kelele koridoni "jamani nani ana pedi" na hakuna aibu hapo. Lakini zikija habari za kujikinga, kama hii P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ghafla kila mtu ana rafiki yake. "Rafiki yangu alimeza P2 juzi na leo tena, itamdhuru?" Rafiki gani na wewe ndio umeshika tumbo?? Na majibu ndio balaa, mmoja asema meza na maji ya chumvi, mwengine asema ukimeza mara tatu hutozaa tena maishani, na wote waliambiwa na rafiki. Nyumbani nako somo, yule mama wa kumfunda bi harusi, yuwaja ukikaribia kuolewa, kabla ya hapo ukiuliza waonekana ushaanza mambo. Sasa nyinyi mwaongea na nani? Na hio P2 ukweli wake ni upi, nauliza kwa niaba ya... haya, nauliza tu 😂

chokoleti254
Shoga, si aibu ya kitu chenyewe, ni kwamba Mombasa ni ndogo. Kemisti ya karibu na hosteli yule kaka akishakuuzia mara moja, siku ya pili wapita zako na mkoba wa vitabu yuakuangalia kama ana siri yako. Wengi twashuka mpaka Mwembe Tayari kununua ambako hatujulikani, ama twamtuma boifrendi, naye akifika dukani aulizwa imepita masaa mangapi hajui hata aseme nini. Na tuseme ukweli, kampasi watu waogopa mimba kuliko virusi vya ukimwi, sababu mimba mama ataiona kwa macho.

kaka_kisauni
Dawa ni kungoja ndoa tu, mbona mwajitesa

chokoleti254
Na hao wanaowapa mimba kaka wangoja nini?

nesi_mvuko
Nafanya kazi kliniki upande wa Likoni na hawa "marafiki" nawaona kila wiki, kwa hivyo ntajibu moja kwa moja. P2 huchelewesha yai kutoka. Kama yai lishatoka haitosaidia, na kama mimba ishaingia haiitoi. Ni ndani ya masaa 72 tangu mkutane lakini usingoje siku ya tatu, kila saa likipita nguvu yapungua. Ukitapika kabla ya masaa mawili, meza tena. Maji ya chumvi hayana kazi yoyote hapo. Tasa haikufanyi, hata ukimeza mara nyingi, ila itakuvuruga hedhi mpaka ushindwe kujua siku zako, na kama wakutana na mtu kila wiki kidonge cha dharura ni njia dhaifu kulinganisha na zile za kawaida. Pia haikulindi kwa siku za mbele, ukirudia kesho ni hesabu mpya. Siku zikichelewa zaidi ya wiki, pima.

Virusi ni habari tofauti kabisa. Kama kondomu ilipasuka ama haikuwepo na hali ya mwenzio huijui, kuna PEP, dawa za kuzuia virusi visikushike, nayo mwisho wake wa kuanza ni masaa hayohayo 72 halafu wameza siku 28. Nenda hospitali ya serikali kama Makadara. Watu wakimbilia kemisti wameza P2, moyo watulia, hilo la pili hata halijawapita akilini.

bi_mkubwa_kibokoni
Wanangu msitusifie hao masomo sana. Somo wangu mie, Mungu amrehemu, alinifunza udi, usafi na kumpokea mume. Ya kupanga uzazi niliyasikia kliniki, na mtoto wa kwanza nimempakata. Hata tungeletewa somo mapema tusingeambiwa haya mwauliza. Lakini mama zenu waulizeni, twajifanya wakali tu.

binti_wa_tudor
Bi mkubwa wewe wamjua mamangu? 😅 Nesi asante sana. Na ile ya mkono, kijiti cha kupanga uzazi, yaonekana? Mama hunisuka likizo na mikono yangu yote aijua.

nesi_mvuko
Kwa macho haionekani sana, yabaki alama ndogo tu, lakini akipapasa upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko ataihisi. Yakaa miaka 3 ama 5 kulingana na aina, na ukiitoa uzazi warudi haraka. Sindano ya miezi mitatu haina cha kupapasa, ila ukiacha huenda uzazi ukachukua miezi kurudi, na wengi hedhi hupotea kabisa, kwa hivyo mama anayehesabu pedi za likizo atauliza maswali. Njoo tukupime presha kwanza kabla ya kuchagua. Na kondomu bado utazihitaji kwa njia zote mbili, sababu ya virusi.