Naomba ushauri: Linux haioni diski wakati wa kusakinisha

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa anayefahamu mambo haya.

Nataka kuweka Linux pembeni ya Windows kwenye laptop. Flashi inabuti vizuri, kibodi na Wi-Fi vinafanya kazi, lakini nikifika hatua ya kuchagua diski, inaonekana flashi yenyewe tu. Diski ya laptop ni SSD ya NVMe (aina ya diski ya kasi), kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) inasomeka na Windows inawaka bila shida, kwa hiyo siamini kwamba imekufa. Nimejaribu flashi nyingine, hali ni ile ile. RAM nimeipima kwa Memtest86+, haina kosa.

Ninachoshuku ni BIOS: kidhibiti cha diski kimewekwa RAID badala ya AHCI (hizi ni namna mbili za kidhibiti kufanya kazi na diski). Hapo ndipo penye hofu yangu. Nikibadilisha ghafla, Windows inaweza kugoma kuwaka kwa kuwa draiva ya AHCI (programu ya kuendesha kidhibiti hicho) haijaandaliwa kupakiwa mwanzoni. Nimesoma kwamba dawa yake ni kuiamuru Windows iwake katika hali salama (safe mode), kubadilisha BIOS hapo hapo, kisha kuirudisha hali ya kawaida. Kuna aliyefanya hivyo bila kupoteza data?

Halafu BitLocker (ulinzi wa Windows unaosimba data za diski) imewashwa. Ufunguo wa kurejesha ninao, lakini je, kusitisha ulinzi kwa muda kunatosha, au lazima niondoe usimbaji wa diski nzima kwanza?

Kazi zangu zote zimo humo, na nakala ninazo za mafaili muhimu tu. Kama kuna njia ya kuacha RAID ilivyo, nitashukuru zaidi.