Agostinho Neto: tumsome mshairi, tumsahau rais?

Mtoa mada:
Wakuu, kila tarehe 17 Septemba, siku aliyozaliwa Agostinho Neto (1922), rais wa kwanza wa Angola, nchini humo ni sikukuu. Shairi lake ninalolipenda ni "Havemos de voltar", yaani "Tutarejea", alilolitunga Oktoba 1960 akiwa gereza la Aljube, Lisbon. Daktari huyu alikamatwa na Wareno, na wanakijiji wa kwao walipoandamana aachiwe wakamiminiwa risasi. Ndani ya shairi hilo hatukani mtu. Anataja tu atakavyovirejea: mashamba mekundu kwa kahawa, meupe kwa pamba, migodi ya almasi, marimba. Mfungwa anaihesabu nchi yake kitu kimoja kimoja! Hapo mimi huwa hoi.

Lakini huyohuyo, akiwa rais, baada ya jaribio la mapinduzi la 27 Mei 1977 alitangaza hadharani kwamba hakutakuwa na msamaha. Waliouawa bila kesi ni maelfu; wapo wanaosema makumi ya maelfu. Familia zilisubiri hadi 2021 ndipo Rais João Lourenço akaomba radhi kwa niaba ya dola. Sasa, shairi lile tuliweke mbele ya wanafunzi bila kugusa 1977? Mimi nasema hapana.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, unamtwisha mfungwa wa 1960 damu ya 1977. Jeshi la Makaburu wa Afrika Kusini lilikuwa limeondoka Angola jana tu, UNITA, kundi lililokuwa likipigana na serikali yake, wako msituni, na waasi wenyewe wa Mei 1977 waliteka redio, wakamuua waziri wa fedha, Saydi Mingas. Ulitaka afanyeje, awatungie shairi?

Mtoa mada:
Hahaa, hapana. Nilitaka awapeleke mahakamani. Waliobeba silaha wana kesi ya kujibu, sibishi. Na waliozolewa kwa kushukiwa tu, msako ukiendelea muda mrefu baada ya redio kurudi mikononi mwa serikali, hao je? Halafu kuna jambo umeliruka, mkuu: Nito Alves, kinara wa waasi, naye alikuwa mpiganaji wa msituni, na naye alikuwa mshairi. Aliuawa, na kwa miongo kadhaa ndugu zake hawakuoneshwa hata kaburi. Mashairi ya wawili hawa yakae kwenye somo moja.

Mchangiaji:
Hilo la Nito nakubali, yasomwe yote. Ila sikukuu msiiguse.