Sato kwenye mabwawa ya Rungwe na Kyela: apigwe marufuku au aachwe?

Mbaka Juu (mwanzisha mada)
Wakuu, hoja yenyewe hii hapa. Vifaranga vya sato vinauzwa mpaka vijijini Busokelo na Kyela, na mabwawa yanachimbwa kando ya Mbaka, Lufilyo na Kiwira, mito inayomwaga Ziwa Nyasa. Sato si samaki wa ziwa lile. Wenyewe ni magege na ndugu zao perege. Malawi wamemzuia kwa miaka mingi, sisi tunamfuga, na ziwa ni moja. Msimamo wangu: afungiwe bonde lote la Nyasa. Anapandana na perege wenyeji, chotara wake wanazaa, na damu ikishaingia ziwani hakuna wa kuitoa.

Fundi Bwawa
Mnawatisha wakulima bure. Perege wa asili ukimweka bwawani anataga angali mdogo, bwawa linajaa visamaki vya gramu 30 visivyouzika. Sato ameshachaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kukua. Halafu siku hizi tunapanda madume matupu. Kifaranga kinalishwa chakula chenye homoni ya kiume, miligramu 60 za methiltestosteroni kwa kila kilo ya chakula, siku 21 hadi 28. Bwawa halina jike, uzao utoke wapi?

Mwalimu wa Vinasaba
Fundi, hapo kwenye madume matupu ndipo penye shida yenyewe, na ngoja nieleze kwa kirefu kidogo.

Kwanza, "matupu" ni neno la muuzaji. Homoni inafanya kazi ikianza kabla jinsia haijajipanga, yaani kifaranga kikiwa bado chini ya milimita 14 hivi. Ukichanganya wa wiki moja na wa wiki tatu kwenye chandarua kimoja, wale wakubwa wamekwisha kuwa majike na chakula chako hakibadili kitu. Ukiwalisha kwenye bwawa la kijani lililojaa vijidudu vya majini, wanashiba vya bure na dawa hawaili ya kutosha. Hata kazi ikifanyika vizuri, 97% ya vifaranga 1,000 inakuachia majike 30, na kila jike hutoa mamia ya mayai kwa mtago mmoja.

Pili, na hili ndilo watu hawalifikirii: dume akitoroka, hahitaji jike wa sato. Dume ndiye anayechimba kiota na kuita. Jike wa perege mwenyeji akiingia kiotani, anataga, anayabeba mayai mdomoni mwake na kuyalea kama kawaida. Kwa hiyo shehena ya madume matupu ikibebwa na mafuriko ya masika, umepeleka mtoni mabwana harusi watupu. Kwa bwawa lako ni kinga, kwa mto ni kinyume chake.

Tatu, jinsi damu inavyojificha. Chotara wa kwanza ana nusu kwa nusu. Akipandana na mwenyeji, mtoto ana wastani wa 25%, anayefuata 12.5%, kisha 6.25%. Kufika hapo kwa macho ni perege kabisa. Ile mistari myembamba ya wima inayojaza mkia wa sato huwezi kuitegemea tena. Na ukipima DNA ya mitokondria (ile iliyo nje ya kiini cha seli) peke yake utadanganyika, maana hiyo hurithiwa kwa mama, na mama hapa alikuwa mwenyeji. Kipimo kitasema "safi". Lazima usome alama nyingi za DNA ya kwenye kiini cha seli.

Perege wa Kyela
Mwalimu, heshima yako, ila umeruka jambo. Uchotara haukuanza na mabwawa. Samaki wa jamii ya perege wa Ziwa Nyasa ni mamia ya spishi, na tofauti ya DNA kati ya spishi mbili kwa wastani ni kama 0.1 hadi 0.25% tu. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha mababu wao wenyewe walikuwa mchanganyiko wa koo mbili, na mchanganyiko huo ndio ulioleta malighafi ya utofauti wote ule. Leo tunaambiwa kuchanganyika ni uchafu?

Mwalimu wa Vinasaba
Sijasema uchafu. Wale walichanganyika mara moja, kisha mamia ya maelfu ya miaka ya mchujo yakafuata. Mabwawa yanamwaga kila masika, samaki walewale waliochaguliwa kula pumba na kunenepa. Idadi na mfululizo ndiyo hoja. Kule Zambia, Mto Kafue, sato ameshachanganyika na perege wao. Mto Limpopo vivyo hivyo, na perege wa Msumbiji. Ziwa Victoria sato aliletwa miaka ya 1950. Ngege na mbiru, perege wa asili wa huko, leo ni wa kutafuta kwenye vijiziwa vya pembeni. Ukweli usemwe, sangara na nyavu nao walihusika, lawama zote si za sato.

Na usisahau maziwa ya volkeno ya Rungwe. Chungruru ina perege wake asiyepatikana kwingine kokote duniani. Hiyo ni jamii nzima ya samaki ndani ya shimo moja. Ndoo moja ya vifaranga, imetosha.

Mtu wa Usangu
Naona mnajadili kama vile Mbeya ina bonde moja. Ina matatu: Nyasa, Rukwa, na Rufiji kupitia huku Usangu. Kila moja lina perege wake. Marufuku ya mkoa mzima haina maana, na ruhusa ya mkoa mzima haina maana vilevile. Kibali kifuate maji, kisifuate mpaka wa wilaya.

Na Fundi, hao perege wa asili unaowadharau ndio waliowapa wafugaji ujanja mkubwa. Mwaka 1960 mtafiti wa samaki Hickling alitoa taarifa kutoka Malacca, Malaysia ya leo: dume wa perege aliyetoka Zanzibar, asili yake Mto Wami, alipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto wakatoka madume. Bila homoni. Sharti ni wazazi wawe safi pande zote mbili. Damu ikichanganyika kidogo tu, majike yanaanza kutokea. Tukivuruga jamii za mtoni, ufundi huo tunaupoteza.

Fundi Bwawa
Hapo kwenye mabonde nakubali. Lakini nipeni mbadala basi. Kyela ni joto, mtu atafuga nini? Na wa Tukuyu juu, maji yakiwa chini ya nyuzi 20 hata huyo sato anadumaa, hilo wauzaji hawalisemi.

Mbaka Juu
Perege wa bonde lenyewe, kituo cha kuzalishia kiwe Kyela. Kuchagua madume kwa mkono wakifika gramu 20 hadi 30: paka wino kidogo karibu na mkundu, dume ana matundu mawili, jike matatu.

Mwalimu wa Vinasaba
Na wazazi wawe wengi, la sivyo mtaumba tatizo jingine. Madume 2 na majike 20 ni samaki 22, ila hesabu ya urithi, yaani wazazi wanaohesabika kweli, ni 4 × 2 × 20 ÷ 22, sawa na 7 tu, na udugu (ndugu kuzaana wao kwa wao) unapanda karibu 7% kila kizazi. Ndiyo maana vifaranga vya vituo vidogo hudumaa na watu wanalaumu chakula. Madume 50 kwa majike 50 unapata 100, udugu unapanda 0.5%.

Perege wa Kyela
Kabla ya marufuku yoyote, mito ipimwe kwanza. Hakuna anayeonyesha hapa ni mto gani umeshaingiliwa na upi bado.

Mwalimu wa Vinasaba
Sawa kabisa. Anayevua Mbaka, Kiwira au Songwe anaweza kusaidia leo: piga picha ya ubavu na mkia ukiwa umetandazwa, kata kipande cha pezi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, tia kwenye kichupa cha ethanoli ya 95%, badilisha ethanoli baada ya siku moja maana maji ya nyama huipunguza nguvu. Osha mkasi kati ya samaki na samaki. Jina la mto na tarehe viandikwe kwa penseli kwenye karatasi uitumbukize ndani. Ukiandika kwa kalamu ya wino utafutika wote.