Somo la kusudi la maisha: Yeremia 29:11 inatosha?

Mwanafunzi_wa_Neno
Bwana asifiwe wapendwa. Naandaa somo la vijana la saa moja: mwanadamu aliumbwa kwa nini? Karibu kila muhtasari ninaoupata umeegemea Yeremia 29:11 ("nayajua mawazo ninayowawazia ninyi"), kisha unarukia "gundua kusudi lako" na karama, yaani vipawa vya Roho. Mngeanzia wapi? Vijana wenyewe wanauliza sana habari za kazi na ndoa.

Mfafanuzi
Amina. Yeremia 29 iache kwanza. Ile ni barua kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70, yaani wengi walioisikia ikisomwa wangefia huko huko. Tena ni "ninayowawazia ninyi". Wingi. Ni ahadi kwa taifa, si ratiba ya kijana mmoja. Ukitaka kuitumia, soma mstari wa 5 hadi 7: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie mji amani. Kazi na ndoa zimo humo kuliko kwenye mstari wa 11.

Anzia Mwanzo 1:26–28, uipe hata dakika 15. Mtu kwanza ni mfano wa Mungu, ndipo anapewa kutawala. Ukigeuza mpangilio huo, thamani ya mtu inapimwa kwa anachozalisha. Kisha 2:15, "ailime na kuitunza". Vitenzi hivyo kwa Kiebrania, abad na shamar, ndivyo vinavyotumika kwa utumishi wa Walawi, kabila la watumishi wa ibada, katika maskani, hema la kumwabudia Mungu (Hesabu 3:7–8). Kulima bustani kumeelezwa kwa maneno ya ibada! Hapa wengi huteleza na kusema kazi ni laana. Kazi iko sura ya 2; laana inakuja 3:17, na kinacholaaniwa ni ardhi.

Malizia na Warumi 8, ila usiishie mstari wa 28 kama ilivyo desturi. Huo unataja walioitwa "kwa kusudi lake", na kusudi hilo linafafanuliwa kwenye 29: kufananishwa na Mwana wake. Wakolosai 3:10 inaliunganisha hilo na mfano ule wa Mwanzo.

Katekista
Naongeza upande wa kumtukuza Mungu. Katekisimu fupi ya Westminster (1647), mafundisho ya Wapresbiteri kwa maswali na majibu, inajibu swali lake la kwanza hivi: lengo kuu la mtu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992), aya ya 1, inasema Mungu alimuumba mtu ili amshirikishe uzima wake wenye heri. Waorthodoksi husisitiza 2 Petro 1:4, washirika wa tabia ya Uungu. Lugha tofauti, ila hakuna anayeanza na cheo wala karama.

Vijana wakisikia "kumtukuza" wanafikiria kwaya. Wape 1 Wakorintho 10:31: mlapo au mnywapo, fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu. Na yupo atakayeuliza kama Mungu ana njaa ya sifa. Jibu lake ni Matendo 17:25, hatumikiwi kana kwamba anahitaji kitu.

Mwanafunzi_wa_Neno
Asanteni sana. Mhubiri je? Na karama niziache kabisa?

Mfafanuzi
Mhubiri ni kitabu kizuri kwa vijana, ila "ubatili" wanausikia kama "hakuna maana". Neno lenyewe, hevel, ni mvuke au pumzi: kitu kipo, lakini hakishikiki. Waonyeshe pumzi kwenye kioo, watakumbuka. Kisha malizia na 12:13: mche Mungu, uzishike amri zake.

Karama ziweke mwishoni, dakika 5, na 1 Wakorintho 12:7: hutolewa "kwa kufaidiana", si kwa kujitambulisha. Kazi na ndoa zinakaa chini ya kusudi. 1 Wakorintho 7:17–24 inamwambia hata mtumwa kwamba anaweza kukaa na Mungu katika hali aliyoitwa nayo. Kabla hujafundisha, pima muhtasari wako hivi: je, unaweza kumsomea mgonjwa wa kitandani asiyefanya kazi tena, naye akajiona yumo? Kama hayumo, ulichoandaa ni ushauri wa ajira.

Katekista
Kipimo hicho nakichukua, ndugu. Kitafaa hata kwa semina ya wanandoa, maana wajane na wasiooa huwa wanakaa mle wakisubiri mstari wao.