Kabati jipya, naftalini tele, na bado ukungu

Mpangaji_Tanga:
Wakuu, salaam. Kabati la chipbodi, futi 7, kina sentimita 60, limefungwa na skrubu kwenye ukuta wa nje, nyumba ya chini karibu na bahari. Ndani kumepangwa vizuri: kanzu na suti zimetundikwa kwenye mifuko ya plastiki ya dobi, sweta na mashuka rafu ya juu, kanga chini. Masika ndiyo kwanza yameanza, na suti nyeusi ya sufu imeota unga mweupe kwenye kola. Kanzu mbili nazo zina manjano kwapani, na ziliingia zikiwa nyeupe. Naftalini iko kila rafu, harufu inafika sebuleni. Kosa ni la dawa au la kabati?

Randa_na_Msumeno:
La kabati, mkuu. Naftalini ni ya nondo, wale wadudu ambao viwavi wao hula nguo za sufu. Ukungu unataka unyevu, na unyevu wa hewa ya kabatini ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa ukungu unaota. Pwani wakati wa masika hewa ya nje yenyewe inapita hapo, na ukuta uliolowa mvua ni wa baridi, basi upande wa nyuma ndio unaolowa kwanza.

Fungua skrubu. Pachika mbao za unene wa sentimita 5 kati ya kabati na ukuta, uzisimamishe wima ili hewa ipande. Chini weka miguu ya sentimita 10, maana maji ya deki ya kila siku yananyonywa na chipbodi. Kwenye ubao wa nyuma toboa matundu ya sentimita 5, mawili chini na mawili juu, uyafunike kwa wavu wa mbu. Kingo zote za matundu zipake vanishi. Chipbodi iliyo wazi inavimba na hairudi.

Mifuko ya dobi itoke leo hii. Ile ni ya kubebea nguo njiani tu. Shona mfuko wa shuka kuukuu la pamba, vumbi halitaingia na nguo itapumua. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya hanga na hanga. Milango ifunguliwe mchana wa jua na upepo. Usiku na wakati wa mvua ifungwe.

Pasi_ya_Mkaa:
Suti ipigie brashi laini nje ya nyumba, pua umeifunika, la sivyo mbegu za ukungu zinahamia kwenye nguo nyingine. Kisha ipeleke kwa dobi. Kabati lipanguse kwa siki, likauke kabisa kabla ya kurudisha kitu.

Manjano ya kanzu ni jasho na mafuta ya mwili. Siku ya kuweka hayaonekani, yanakuja kukolea taratibu humo kabatini. Kwa hiyo hata nguo iliyovaliwa saa moja ifuliwe kwanza. Usikimbilie jiki, inaweza kuzidisha manjano palipo na jasho. Tumia dawa ya madoa isiyo na klorini, kwa kipimo cha pakiti, loweka kabla ya kufua.

Kanzu ya kukaa muda mrefu isitiwe wanga. Wanga ni chakula cha mende, na cha vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua droo. Itie siku ya kuivaa. Na ukimaliza kupiga pasi, itundike nje walau nusu saa. Wanaofunga kabati papo hapo wanafungia mvuke. Hanga za waya zitupe, kutu yake haitoki kirahisi. Sweta zikunjwe, zikitundikwa mabega yanavutika.

Bi_Karafuu:
Hiyo naftalini itoe yote. Inafaa tu ndani ya sanduku linalofunga kabisa. Ikifika sebuleni mnaivuta nyinyi, nondo wanapona. Nguo na blanketi za mtoto mchanga zisikae nayo kamwe: mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), na huku kwenye ukanda wa malaria ni wengi, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika.

Karafuu ziweke kwenye kifuko cha kitambaa, mafuta yake yanatia doa. Zinanukia, ila kiwavi wa nondo hazimuui. Udi vilevile. Sweta ya sufu yenye mashaka ifunge kwenye mfuko, iweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili, na ukiitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, vinginevyo inalowa. Kanga safi za pamba nondo hana shida nazo.

Mpangaji_Tanga:
Shukrani. Na vile vikopo vya kunyonya unyevu vya dukani?

Randa_na_Msumeno:
Vinafanya kazi milango ikiwa imefungwa. Ukiiacha wazi vinajaribu kukausha Tanga nzima. Viweke sakafuni mwa kabati, si rafu ya juu, kwa sababu maji yanayojikusanya ni ya chumvi kali: yakimwagika yanaharibu ngozi na kutia kutu vifungo. Yakijaa, mwaga. Nunua na haigromita ndogo, yaani kipima unyevu wa hewa, iweke rafu ya katikati, uisome asubuhi kabla ya kufungua mlango. Ikizidi 65 siku tatu mfululizo, ongeza kikopo.