Tupeane uzoefu: ushupavu wa Francis Ngannou, tunausoma vipi na tunaufanyiaje mazoezi?

Wa Kikwajuni
Asalaam alaykum. Tangu ngumi ziruhusiwe tena Unguja baada ya marufuku ya miongo mingi, vijana wanafuatilia kila aina ya pambano, na jina la Ngannou wa Kameruni halikosekani barazani. Anasifiwa kwa ngumi tu. Mimi namhusudu zaidi kwa usiku wa Januari 22, 2022, alipotetea mkanda wa UFC (mapambano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka) dhidi ya Mfaransa Ciryl Gane huku kano ya ndani ya goti lake imechanika. Raundi mbili za mwanzo alizidiwa, akashinda kwa pointi: 48-47, 48-47, 49-46. Wenye ujuzi watueleze alifanya nini hasa, na mtu wa mazoezi hapa kwetu achukue nini.

Mikeka ya Judo
Waalaykum salaam. Kwanza tufahamu goti. Ngumi nzito haitoki begani. Inaanzia unyayo ulioshika chini, inapanda gotini, nyonga inazunguka, ndipo mkono unafika. Kano ya ndani ndiyo inayozuia goti lisiingie ndani wakati wa kuzunguka. Ikichanika, kila ngumi ya nguvu inalivuta goti pale pale lilipoumia. Kwa hiyo silaha yake kubwa ilikuwa imepungua tangu mwanzo.

Raundi ya tatu akaacha kumfukuza Gane. Akasubiri teke, akaudaka mguu, akambwaga. Hapo ndipo pambano lilipogeuka. Ukimkalia mtu juu, uzito wako wote unafanya kazi bila wewe kuzunguka kwa goti. Raundi ya tano Gane alimwangusha yeye, lakini badala ya kukaa juu akaukimbilia mguu apate kuupinda, akapoteza nafasi, na Ngannou akamaliza akiwa juu. Wanafunzi wa judo waitazame sehemu hiyo mara nyingi: usiachie nafasi ya juu kwa tamaa ya mguu.

Pumzi Kwanza
Bila ya 2018 huwezi kuifahamu 2022. Januari 2018 Mmarekani Stipe Miocic, bingwa wa wakati huo, alimshinda Ngannou kwa pointi 50-44 kwa majaji wote watatu. Raundi ya kwanza alirusha kila kitu kwa nguvu zote, zilizobaki akawa anavuta miguu. Msuli mkubwa unakula hewa nyingi, na mtu mwenye pupa hubana pumzi kila anaporusha. Machi 2021 walirudiana: Miocic alipojaribu kumwangusha akazuiwa, na raundi ya pili akalala kwa ngumi. Ngumi ni ile ile. Kilichobadilika ni utulivu na uzuiaji, na huo kwangu ndio ushupavu wa kweli, kwa sababu umefanyiwa kazi gym bila ya mtu kupiga makofi.

Zoezi: raundi ya dakika tano kwenye mfuko, pumzika dakika moja, kisha rudia hadi ziwe tatu. Toa pumzi kwa sauti fupi kila ngumi. Kama raundi ya tatu ngumi zimepungua kuliko ya kwanza, ulianza kwa kasi isiyo yako.

Wa Kikwajuni
Na huko kuzuia kuangushwa, tunakufanyaje bila ya mikeka ya maana?

Mikeka ya Judo
Nendeni pwani maji yakitoka, Kizingo panafaa, kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Mchanga mkavu unazama na kupinda vifundo. Mwenzako anakuja kukumbata mapaja. Wewe tupa miguu nyuma na ushushe nyonga kwa wakati mmoja, kifua kimkandamize juu ya mabega, magoti yasiguse chini. Wengi wanatupa miguu lakini nyonga inabaki juu, basi anakusanya mapaja na kukubeba. Dakika tatu, anakuja kila baada ya sekunde kumi, kisha mnabadilishana. Mara tatu inatosha kwa wanaoanza.

Anayeshambulia naye aangalie kichwa. Kichwa kikiinama mbele unapigwa kabali. Kiwe ubavuni mwa mwenzako, macho juu, mgongo umenyooka.

Wete Ulingoni
Nakubaliana na nyote, ila naogopa vijana wakachukua goti la Ngannou kuwa ruhusa ya kufanya mazoezi na jeraha. Yeye alikuwa na madaktari, na baada ya pambano alifanyiwa upasuaji. Goti likivimba au likihisi kuchomoka, acha kuzunguka na kubwagana, nenda hospitali. Na kabali ikiingia, gonga mapema. Ile ya kubana mishipa ya damu pande mbili za shingo inamzimisha mtu kwa sekunde kama kumi, na anayekaba asipoachia hapo hapo ni hatari ya maisha.

Mwezi wa Ramadhani mbinu za polepole zifanyike kabla ya magharibi, kazi nzito baada ya tarawehe mtu akishanywa maji. Kupunguza uzito kwa kujitoa jasho huku umefunga, katika joto letu hili, hapana kabisa. Mkipata mwalimu wa judo karibu yenu, anzieni kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka ubapa, usijishike kwa kiganja, kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mwanzo.